Mfinyanzi na Maji

Anayejua kununua chungu hakitazami kwanza, hukigonga. Hukipakata kwenye kiganja cha mkono mmoja, akakipiga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Chungu kilichoiva hulia sauti ndefu ya juu. Chenye ufa, hata ule ufa mwembamba ambao jicho halijauona, hutoa sauti fupi iliyokwama. Tunduma si mji wa kusikilizia vitu vidogo: malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, yanaunguruma, bodaboda zinapiga honi, wabadilishaji fedha wanaita wateja. Kwa hiyo mnunuzi huinama mpaka sikio likaribie mdomo wa chungu, na muuzaji, mara nyingi mama wa makamo aliyetandika gunia kando ya masufuria ya alumini na ndoo za plastiki, humwacha achukue muda wake. Anajua kwamba anayegonga ni mnunuzi, anayepiga picha ni mpita njia.

Sauti ile ni habari za maji. Inaeleza kama maji yaliyokuwamo kwenye udongo yalitoka kwa utaratibu au yalitoka kwa fujo. Tumezoea kusema mfinyanzi anafanya kazi na udongo, na ni kweli, lakini kadiri mtu anavyowatazama akina mama wafinyanzi kwa muda mrefu ndivyo anavyoona kuwa udongo ndio sehemu nyepesi ya shughuli. Udongo hukaa pale ulipowekwa. Msumbufu ni maji: yasipokuwamo hakuna kinachofinyangika, yakizidi kila kitu kinalala chini, na yakiondoka kwa haraka yanaondoka na chungu. Ufundi wote, kuanzia shimoni hadi motoni, ni wa kuyaingiza maji na kuyatoa bila kuyaudhi.

Udongo wenyewe huchimbwa bondeni, pembezoni mwa kijito au kwenye kinamasi, chini ya tabaka la juu jeusi lenye mizizi. Mfinyanzi hana maabara. Huchukua kipande, akakilowesha, akakisokota kiwe kama uzi mnene, kisha akauzungushia kidole. Uzi ukikatikakatika, udongo una mchanga mwingi mno. Ukijipinda bila kulalamika lakini ukang'ang'ania mkono, ni mnene mno, utapungua sana ukikauka na kupasuka. Anautafuta ule wa katikati, na asipoupata anauchanganya mwenyewe kutoka mashimo mawili. Nyumbani unalowekwa, unakanyagwa, mawe na vijiti vinatolewa kimoja kimoja. Jiwe dogo kama punje ya mtama lililosahaulika ndani ya ukuta wa chungu laweza kuja kukipasua wiki mbili baadaye, na kwa wakati huo hakuna wa kulaumiwa ila vidole vilivyolipita.

Kisha huja jambo ambalo mimi binafsi nalihesabu kuwa la akili kuliko yote katika ufundi huu. Mfinyanzi anachukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, anavitwanga mpaka viwe chengachenga, anavichanganya kwenye udongo mpya. Wengine hutumia mchanga badala yake. Mtu asiyejua ataona kama uchafuzi: baada ya kuhangaika kuutakasa udongo, unautilia takataka? Lakini zile chenga zimeshachomwa, hazinywei tena, kwa hiyo chungu kinapokauka na kupungua zinauzuia ukuta usijivute wote kwa mkupuo. Kando ya kila chenga hubaki upenyo mdogo, na kupitia mapenyo hayo mvuke hupata njia ya kutokea. Udongo uliotakaswa kupita kiasi hutoa chungu kizuri sana cha kutazama, kisha kinapasuka motoni.

Namna za kuinua chungu zinatofautiana, na kila mfinyanzi atakuambia ya kwao ndiyo sahihi. Wako wanaolikalisha donge zima juu ya kigae kipana na kulivuta kwenda juu, mkono mmoja ndani na mmoja nje, huku kigae kikizungushwa polepole. Wako wanaopandisha pindi juu ya pindi na kuzifuta kwa kidole mpaka mshono upotee. Kuna ambao chungu chao hakizunguki kabisa, anayezunguka ni mama mwenyewe, amejiinamia, akirudi kinyumenyume. Na katika sehemu kadhaa za Tanzania huanza na mdomo! Nusu ya juu inajengwa kwanza, inaachwa ikaze kidogo, inapinduliwa, kisha kitako kinafungwa mwishoni. Kinachonivutia hapo ni ule muda wa kungoja. Ukipindua mapema mdomo unabonyea, ukichelewa udongo mpya haushikani na ule uliokwisha kukauka. Hakuna saa ya ukutani inayoweza kupima muda huo, kwa sababu Juni si sawa na Septemba na kivulini si sawa na barazani. Mama anagusa kwa mgongo wa kidole, basi.

Kitako cha chungu cha kupikia ni cha mviringo, na mtu aliyelelewa na meza hudhani ni upungufu. Mviringo hauna kona, na kona ndipo nyufa huanzia chombo kinapopata moto na kupoa mara kwa mara. Juu ya mafiga matatu chungu cha mviringo kinakaa imara kuliko sufuria, na moto unakilamba kote. Sakafuni unakiwekea kata ya majani, ileile ya kichwani.

Udongo ukishakuwa mgumu wa kukwanguliwa, ukuta unapunguzwa kwa ndani na nje kwa kipande cha kibuyu. Hapa ndipo chungu kinapopata wepesi wake. Chungu kibaya kinajulikana hata kwa kukinyanyua: kizito chini, chembamba shingoni, kana kwamba kilifinyangwa na watu wawili waliogombana. Baadaye huja jiwe la mtoni, laini kama yai, la kusugulia. Linapitishwa juu ya udongo mbichi mara mamia mpaka uso ung'ae, na jiwe zuri la namna hiyo mama humwachia bintiye. Kusugua si urembo peke yake. Chembe za udongo zinalazwa na kubanana, na uso unapitisha maji kwa shida zaidi. Kwenye shingo ya mtungi wa maji baadhi ya wafinyanzi husugua sana, tumboni kidogo, maana tumbo linatakiwa litoe jasho. Jasho hilo likikauka kwa upepo linachukua joto la maji yaliyomo ndani, na ndiyo sababu maji ya mtungini yana ubaridi ambao ndoo ya plastiki haiwezi kuutoa hata ukiisihi.

Kisha subira. Mkoani Songwe, uliko mji huu wa Tunduma, kuna baridi kavu ya Juni na Julai, na upepo wake unapendwa na wanaoanika mahindi, lakini kwa mfinyanzi ni adui. Upepo hukausha upande mmoja wa chungu kabla ya mwingine, upande uliokauka unapungua, ule mbichi unakataa kufuata, na ufa unazaliwa kati yao. Udongo hupungua kiasi cha kuonekana kwa macho, katika aina nyingine hata sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo vyungu huwekwa ndani ya nyumba, kivulini, vikifunikwa na kugeuzwa, kwa siku nyingi. Ni kazi isiyo na kitu cha kumwonyesha mgeni, na labda ndiyo sababu wageni huiruka wanapoandika habari za ufinyanzi. Wote hukimbilia kwenye moto.

Nami nakimbilia huko sasa. Chungu kinachoonekana kikavu kabisa bado kina maji. Yako ya aina mbili. Ya kwanza yamejificha kwenye mapenyo, nayo yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke unaotaka nafasi mara 1,600 hivi ya ile yaliyokuwa nayo. Ukiwasha moto mkali mapema utasikia mlipuko na kukuta vipande. Ndiyo maana vyungu hupashwa moto kwanza, ama kwa kuchomewa nyasi chache ndani yake, ama kwa kupangwa kando ya moto mpaka vishikike kwa shida. Maji ya aina ya pili si unyevu tena, yamefungwa ndani ya chembe za udongo zenyewe tangu mwamba ulipooza na kuwa udongo. Hayo hayatoki mpaka joto lifike kati ya nyuzi 450 na 600, na yakishatoka hayarudi. Kabla ya hapo ungeweza kukitumbukiza chungu kwenye karai la maji na kesho ukakuta tope. Baada ya hapo hata karne tano ardhini hazitakirudisha kuwa tope.

Moto wa wazi, wa kuni, maganda, nyasi na mavi ya ng'ombe makavu, unafika nyuzi 600 hadi 900, na unaweza kufika huko kwa chini ya saa moja. Hauna kipimajoto. Kuna rangi ya ukuta wa chungu unaochungulia kati ya makaa, kuna harufu, kuna pumzi ya upepo. Hewa ikiingia kwa wingi, chuma kilichomo kwenye udongo kinageuka chekundu. Moto ukifunikwa kwa maganda ya mpunga au nyasi mbichi ukasongwa pumzi, masizi yanaingia kwenye mapenyo na chungu kinatoka cheusi. Mabaka meusi ubavuni, ambayo mnunuzi wa mjini huyaona dosari, ni mahali gogo lilipolala. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake zimo kwenye makumbusho makubwa ya dunia, amejenga sifa yake yote juu ya mambo haya haya: mkono bila gurudumu, kusugua, moto wa hewa kwa wekundu, moto wa moshi kwa weusi. Tofauti ni kwamba vyake havipikiwi.

Niseme wazi kwamba vyungu vinavyosifiwa kuliko vyote katika Nyanda hizi za Juu Kusini havifinyangwi Songwe. Ni vya Wakisi, watu wa ukanda mwembamba wa mwambao wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Nyasa, pale Milima ya Livingstone inaposhuka ghafla mpaka majini na kuacha pa kulima padogo. Wanaume wakavua, wanawake wakafinyanga. Jirani zao Wanyakyusa walikuwa na ndizi, ng'ombe na udongo mweusi wa rutuba, lakini vyungu walivipata kwa Wakisi. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, walioishi Unyakyusa miaka ya 1930, waliyakuta mabadilishano hayo yakiwa ya zamani. Mwanataaluma wa mambo ya kale S. A. C. Waane aliwachunguza wafinyanzi wa Ikombe, kijiji cha Kyela kilicho karibu na Matema, katika miaka ya 1970. Hadi leo vyungu husafiri kwa mitumbwi kufika gulio la Lyulilo siku ya Jumamosi, kisha Kyela, Tukuyu na Mbeya. Tazama ustahimilivu unaotakiwa hapo: chombo cha udongo kinapita ziwa lenye mawimbi, kisha lori, kisha barabara ya milima ya Rungwe, kimefungwa kwa majani ya migomba makavu, kinafika kizima. Vyungu vya Kikisi ni vyembamba kiasi cha kumtia wasiwasi asiyevijua.

Lakini Songwe nayo ina historia yake ya vyungu, na haiko Tunduma, iko huko chini, wilaya ya Momba, upande wa Ziwa Rukwa. Huko, mahali paitwapo Ivuna, kuna chemchemi za chumvi. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba huko katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1968, wakaonyesha kuwa watu walikuwa wakitengeneza chumvi Ivuna tangu karibu karne ya 13. Kinachobaki mahali pa namna hiyo ni vigae, vigae, na tena vigae. Udongo wenye chumvi unachujwa kwa maji, maji yale ya chumvi yanachemshwa vyunguni mpaka yaishe, chumvi ibaki. Fikiria kazi hiyo inavyokitesa chungu. Maji ya chumvi yanajipenyeza ukutani, chumvi inaganda ndani ya mapenyo na kuyapanua, na moto hauzimwi. Chungu cha chumvi hakizeeki, kinakufa kijana. Kwa hiyo kila mzigo wa chumvi uliotoka Ivuna kwenda kwa watu wa mbali ulikuwa na wafinyanzi nyuma yake, ambao ilibidi wafinyange bila kukoma, na ambao sijaona msafiri aliyeandika habari zao. Wanahistoria wa biashara huhesabu chumvi. Mimi ningeanza na vigae.

Ivuna ina jambo jingine, na nikilitaja watu hudhani nimeacha mada. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka huko kimondo, kizito cha gramu 700 na kidogo. Hiki si kile Kimondo cha Mbozi ambacho wanafunzi hupelekwa kukiona, lile pande la chuma la tani kadhaa ambalo vyungu vyote vya Kyela haviwezi kulilipia. Cha Ivuna ni kidogo, cheusi, kinachomomonyoka, na ni cha aina adimu mno, hata kundi lake lote limepewa herufi ya kwanza ya jina la Ivuna katika uainishaji wa kimataifa. Na kimejaa madini ya udongo! Ndani ya mwamba mzazi wake, zamani sana kabla dunia haijakamilika, maji yalipita kwenye mawe na kuyageuza udongo, na maji hayo yakabaki yamefungwa ndani ya chembe, kwa namna ileile ambayo mfinyanzi huyakuta na kuyafukuza kwa moto. Chombo cha anga cha Wajapani, Hayabusa2, kilipoleta mavumbi ya sayari ndogo Ryugu mnamo Desemba 2020, wanasayansi walikuta yanafanana na kimondo cha Ivuna. Kwa hiyo mahali ambapo akina mama walikuwa wameteketeza udongo kwa karne nyingi ili wapate chumvi, mbingu nazo ziliangusha udongo. Sidai kuna maana yoyote hapo. Lakini nani atanikataza kufurahi?

Turudi kwenye vyungu. Ufinyanzi wa Mashariki ya Mbali umeandikwa sana, na Wakorea wana sababu ya kujivunia. Wana vyombo vya rangi ya kijani cha zumaridi vya enzi ya Goryeo, na wana ule mtungi mweupe wa enzi ya Joseon unaoitwa mtungi wa mwezi, ambao hufinyangwa kwa bakuli mbili zilizofunikanishwa, na mshono wa katikati huachwa uonekane kama mkanda uliolegea. Lakini chombo chao ambacho mama wa Ikombe angekielewa bila mkalimani ni onggi, mitungi mikubwa ya rangi ya kahawia inayopangwa uani, ya kuhifadhia kimchi na maharage yaliyochachushwa. Onggi huchomwa katika tanuri refu kwa joto linalozidi nyuzi 1,100, baada ya kupakwa maji ya majivu na udongo. Hata hivyo chombo hicho hakizibiki kabisa. Mwaka 2023 watafiti Soohwan Kim na David Hu wa Georgia Tech, Marekani, walionyesha kuwa ukuta wake hutoa polepole gesi ya uchachu, na mazingira ya ndani yanabaki mazuri kwa vijidudu vinavyochachusha. Mtungi wetu unapumua maji, wa kwao unapumua gesi. Serikali ya Korea Kusini iliuweka ufundi wa onggi kwenye orodha ya urithi wake mwaka 1990, ikawatambua mafundi na kuwawezesha kufundisha wengine.

Kulinganisha na kwetu ni rahisi, na mtu anaweza kuanza kulalamika hapo. Sioni faida. Sufuria imeshinda kwa haki: inachemsha haraka, inaanguka haivunjiki, na mpangaji wa chumba kimoja Tunduma hana uwanja wa kuwashia mafiga. Ndoo ya plastiki ni nyepesi kichwani kwa mtoto anayepanda mlima na maji. Lakini kuna kazi ambazo chungu hakijanyang'anywa. Maharage yanayoiva polepole mpaka mchuzi unakuwa mzito bila kuungua chini. Pombe ya ulezi, kimpumu, ambayo hutiwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija na watu waliokaa kuzunguka chungu kimoja. Mlenda. Kisamvu. Jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani ya bati, ambalo lina soko kila mahali, nalo ni ufinyanzi ingawa halihesabiwi hivyo. Mfinyanzi mwenye akili hashindani na sufuria, anatengeneza kile ambacho sufuria haiwezi.

Chungu kipya kikifika nyumbani hakipikiwi maharage siku hiyohiyo. Kinajazwa maji na kuachwa kinywe usiku kucha, ukuta wake ushibe. Asubuhi kinabandikwa kwenye moto mdogo, kinapikiwa uji mwepesi wa mahindi, na uji huo haunywewi. Kazi yake ni kupenya kwenye matundu na kuyaziba kwa wanga wake. Uji ukishamwagwa kinapakwa mafuta kidogo, kinaachwa kipoe chenyewe. Baada ya hapo kuna makatazo mawili tu: maji baridi hayaingii kwenye chungu cha moto, wala chungu cha moto hakituliwi kwenye sakafu ya saruji iliyolowa.

Muuzaji huyasema haya yote huku akihesabu hela, kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara nyingi.

"Na kwenye jiko la gesi, mama?" vijana humuuliza.

"Gesi." Hutikisa kichwa kwanza. "Haya, mwanangu. Moto mdogo kabisa, na kipande cha bati chini yake. Usiuongeze hata kama una njaa."